Nusu ya Jina ni ya Fundi

Ukienda Kizimkazi Dimbani kutafuta jengo la kale, usishangae ukilipita. Mimi nililipita. Nilishuka garini, nikashika njia ya kuelekea baharini, na nilikuwa nimeshaukanyaga mchanga wakati kijana mmoja wa boti aliponifuata kuniuliza kama nimekuja kuwaona pomboo. Nikamjibu kwamba nimekuja kuuona msikiti. Akacheka kidogo, akanyoosha kidole nyuma yangu.

"Si ule pale, dada. Umeupita."

Nilichokuwa nimekipita ni nyumba ya ukubwa wa kawaida tu, kuta za chokaa, paa la mabati, makaburi ya zamani pembeni. Ungelihamisha jengo lile ukaliweka kando ya barabara ya Singida kwenda Iguguno, hakuna dereva wa basi ambaye angegeuza shingo. Hata mimi niliyesafiri zaidi ya saa moja kutoka mjini, nikapita msitu wa Jozani na Kitogani nikiwa nimejiandaa kustaajabu, sikustaajabu. Nilichokiona ni bati.

Ndani yake, kwenye ukuta wa kibla, kuna maandishi yenye tarehe ya mwezi wa Dhul-Qaada mwaka 500 wa Hijria, yaani mwaka 1107. Kwa anayetaka kupima: Husuni Kubwa ya Kilwa ilikuwa bado haijajengwa, na isingejengwa kwa miaka mingine 200 hivi. Paris walikuwa hawajaanza kujenga Notre-Dame.

Sikwenda pale kama mtalii, ingawa nililipa kama mtalii. Nilikuwa Unguja kwa semina ya walimu ya siku nne, na siku ya pili ya semina ukaingia ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la usharika wetu wa nyumbani, Iramba. Sitautaja usharika wenyewe. Walioandika ujumbe ule ni watu ninaowaheshimu na baadhi yao walinifundisha Kipaimara. Ujumbe ulisema kanisa la zamani litabomolewa kupisha ujenzi wa kanisa jipya la kisasa, la watu 800. Kila familia iliyoko kijijini itachangia shilingi 150,000, au mazao ya thamani hiyo. Walioko mjini, 300,000. (Kwa kamati za ujenzi, mtu akishahama kijiji huwa ametajirika.) Chini ya ujumbe kulikuwa na mchoro wa rangi wa kanisa jipya, madirisha ya vioo vya buluu, mnara, maegesho ya magari. Nilihesabu magari yaliyochorwa: 14. Jumapili niliyokuwa nyumbani mara ya mwisho kulikuwa na gari moja, la mchungaji, na pikipiki.

Watu wakaanza kuandika "Amina" mmoja mmoja. Mimi nikashindwa kuandika Amina, na nikashindwa pia kusema kwa nini. Bibi yangu alibeba maji ya kujengea kanisa lile. Lakini je, hiyo ni sababu? Kila jengo la mashariki mwa Afrika lilibebewa maji na bibi wa mtu. Ndiyo maana nilipopata siku moja huru nilitaka kwenda mahali ambapo wanakijiji wamekaa na nyumba ya ibada ya kale kwa miaka 900, nikaone wamefanyaje.

Mzee anayeshika funguo alikuwa amekaa kivulini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Singida.

"Singida ya kuku?"

"Ndiyo, mzee. Ya kuku na alizeti."

Alikubali nimeshajifunga mtandio vya kutosha, akaniambia nivue viatu, tukaingia. Ilikuwa kati ya sala ya adhuhuri na alasiri, na mikeka ilikuwa imetandikwa. Nataka niliseme hili mapema kwa sababu ndilo jambo la kwanza ambalo picha za vitabuni hazikuonyeshi: huu ni msikiti unaosaliwa. Kuna saa ya ukutani. Kuna feni. Nilisimama kwenye mkeka wa plastiki nikitazama herufi za karne ya 12.

Kibla kwetu ni kaskazini, kwa hiyo mihrabu iko ukuta wa kaskazini, na mwandiko umeizunguka mihrabu na kutanda ukutani. Umechongwa kwenye tumbawe. Wachongaji wa pwani wamelijua jiwe hili tangu zamani: likitolewa baharini likiwa bichi hukatika kirahisi, likikauka hukaza. Herufi zenyewe ni za Kikufi, wima na kavu kama boriti zilizosimamishwa, lakini kila mkia wa herufi unapopata nafasi unachipua, unakunja jani, unajaza pengo. Mwaka 1922 mtaalamu mmoja aitwaye Flury aliandika makala kuhusu mwandiko huu kwenye jarida la Royal Asiatic Society, na mwandiko umelinganishwa na kazi za Siraf, bandari ya Ghuba ya Uajemi. Kwa hiyo aliyechonga alikuwa mtu aliyefundishwa, na huenda mafunzo yake yalivuka bahari. Kwa macho ya mwalimu wa hati niliyekwishasahihisha madaftari maelfu: mkono ule haukusita. Nafasi kati ya herufi zimepangwa kabla ya patasi kugusa jiwe.

Maandishi yanamtaja Sheikh Abu Imran Musa bin Hasan bin Muhammad kwamba ndiye aliyeamuru msikiti ujengwe, yanamwombea umri mrefu na adui yake aangamizwe. Aliyechonga hakujitaja.

Hapa nianze kulalamika, kwa kuwa uhakiki bila lalamiko ni tangazo. Kila ninachosikia na kusoma kuhusu msikiti huu, kuanzia maelezo ya watembeza wageni mpaka vipeperushi vya hoteli, hukimbilia neno moja: mkongwe. Mkongwe kuliko yote. Wa kwanza Afrika Mashariki. Kisha wageni wanarudishwa kwenye pomboo. Sifa hiyo kwanza si kweli. Miaka ya 1980 wanaakiolojia walichimba Shanga, kisiwani Pate, na chini ya magofu ya msikiti wa Ijumaa wakakuta misikiti mingine, mmoja chini ya mwingine, na wa chini kabisa ulikuwa wa miti na udongo, wa karne ya 8. Ulichobakisha ni mashimo ya nguzo. Sisi tuliokulia kwenye tembe hatuhitaji kuelezwa: nyumba ya miti na udongo ikiangukia ardhini inarudi kuwa ardhi, na mvua tatu baadaye unalima mahindi juu yake. Kwa hiyo "mkongwe kuliko yote" maana yake huwa ni "uliojengwa kwa kitu kisichooza", na hiyo ni sifa ya jiwe.

Lakini kosa kubwa zaidi la sifa hiyo ni kwamba inamzuia mgeni asiutazame ukuta. Maana ukiutazama, unaona kwamba msikiti uliosimama Kizimkazi si wa mwaka 1107. Upande wa kulia wa mihrabu kuna maandishi mengine, ya mwaka 1184 wa Hijria, ambao ni miaka ya 1770. Hayo yanahusu kujengwa upya. Sehemu kubwa ya kuta ninazozisimulia ni za watu wa karne ya 18, na bati ni la watu wa juzi. Wataalamu wamebishana ni jiwe gani hasa liko mahali lilipowekwa mwanzo na lipi lilihamishwa. Mzee mwenye funguo alinionyesha pande zote mbili kwa kidole kilekile, bila kubadilisha sauti: huku mia tano, huku elfu moja mia moja themanini na nne.

Nilirudi kuyatazama yale ya kulia mara mbili. Hayana uzuri wa yale ya kushoto. Sijui mtaalamu aliyeyaandikia makala kama ile. Lakini kwangu mimi ndiyo yaliyofanya safari iwe na maana, na nadhani mhakiki yeyote wa majengo anapaswa kuanzia hapo. Hebu fikiria hali yao. Wamekuta msikiti wa mababu umechakaa au umeanguka. Wanataka mahali pa kusalia. Walikuwa na njia mbili nyepesi. Wangeweza kuuacha gofu ukaheshimiwa, wakajenga mwingine pembeni. Wangeweza kubomoa yote, wakaponda tumbawe lile wakachoma chokaa, maana tumbawe la kuchongwa huungua sawasawa na tumbawe lolote. Wao wakajenga upya ili wasali, wakaliweka jiwe la zamani mahali pa heshima kuliko pote ndani ya nyumba, halafu wakaandika tarehe yao upande wa pili ili asije mtu akadhani kwamba wao ndio wale. Hawakujifanya wa mwaka 500. Wengi wetu tukikarabati kitu huwa tunataka kionekane hakijawahi kuharibika.

Tulipotoka nje, mzee akaniuliza kama naijua hadithi ya jina. Nilikuwa nimeisoma, lakini nikasema sijui, kwa sababu hadithi ya kusoma na ya kusimuliwa si moja. Palikuwa na mfalme, akaitwa Kizi. Mfalme alikuwa na fundi wake mwashi, akaitwa Kazi, na huyo ndiye aliyejenga msikiti. Adui wakaja kuuvamia mji. Kizi akamwomba Mungu, Mungu akaleta nyuki, adui wakatimka. Wakarudi mara ya pili. Safari hii Kizi akakimbilia pangoni kule ufukweni, pango likajifunga nyuma yake, na adui hawakumwona tena. Mji ukaitwa Kizimkazi.

Habari ya nyuki sikuitilia shaka hata kidogo. Mtu wa Singida aliyewahi kukatisha karibu na mizinga kule Itigi anajua hakuna jeshi linalosimama. Kilichonishika ni jina. Wataalamu wa majina wakitaka wanaweza kuja na maelezo mengine ya neno Kizimkazi, nami sitagombana nao. Ninachosema ni kwamba watu wa mahali pale, walipohitaji kueleza kijiji chao kinaitwaje, walichukua jina la aliyetawala na jina la aliyeshika mwiko, wakayaunganisha. Nusu kwa nusu. Jiwe la mihrabu linamjua sheikh peke yake. Midomo ya watu inamjua na fundi. Na tazama alivyoitwa huyo fundi: Kazi. Pengine ni kwa sababu jina lake halisi lilishapotea, wakampa jina la kile alichokifanya.

Niliporudi bara, ile picha ya magari 14 ikawa bado inanisumbua, nikaanza kusoma habari za makanisa ya kale ya vijijini mahali pengine, nikitaka kujua kama kuna wengine walioliona jambo la fundi. Nilisoma sana habari za Wales, kwa sababu kule kuna makanisa madogo ya zama za kati yaliyoachwa milimani na vijiji vilivyohama au kupungua. Moja linaitwa kanisa la Mtakatifu Issui, liko Partrishow kwenye milima ya Black Mountains. Sijafika, na kwa mshahara ninaoupokea sitegemei kufika. Naandika kwa kutegemea picha na maelezo. Kanisa ni dogo, limekaa kwenye mteremko, na chini yake kuna kisima cha mtakatifu. Inasimuliwa kwamba hujaji mmoja aliyepona ukoma kwa maji ya kisima hicho aliacha dhahabu ya kujengea kanisa. Ndani kuna kiambaza cha mbao, kimechongwa kama susu, ambacho ndicho wageni wengi wanakifuata. Ukutani kuna mchoro wa kiunzi cha mifupa ya mtu, ameshika fyekeo na sepetu na kipima saa cha mchanga, na husemwa kwamba kila wakipaka chokaa hurudi kujitokeza. (Yeyote aliyewahi kupaka chokaa juu ya moshi wa jikoni anajua hilo halihitaji muujiza.)

Mimi nilichofuata ni beseni la ubatizo. Ni la jiwe, la karne ya 11, na umri wake unazishinda kuta nyingi zinazolizunguka, kwa maana kanisa nalo limejengwa na kujengwa upya. Ukingoni pamechongwa maneno ya Kilatini yanayosema kwamba aliyelitengeneza ni Menhir, katika zama za Genillin. Genillin alikuwa mtawala. Menhir ni fundi. Mtawala anatajwa ili tujue ni lini, fundi anatajwa ili tujue ni nani, na katika mpangilio wa maneno fundi ndiye anayetangulia. Watu wa kijiji cha mlimani Wales na watu wa kijiji cha uvuvi Unguja hawakupelekeana barua. Kila upande ulifikia peke yake uamuzi kwamba nyumba ya ibada haina habari kamili mpaka majina yawe mawili.

Sasa nirudi kwetu, na nitalihakiki kanisa letu kwa kipimo hichohicho, bila upendeleo.

Si jengo zuri. Najua wapo watakaochukia nikisema hivyo. Historia ya Ulutheri Iramba huanza na wamisionari wa Leipzig kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Wajerumani walipoondolewa, Waamerika wa Augustana wakaishika kazi miaka ya 1920. Kanisa letu ni la miaka ya 1950, na aliyelichora bila shaka alilichora akiwa amekumbuka kanisa jingine la nchi ya baridi. Madirisha ni membamba na yako juu, kana kwamba mwanga ni kitu cha kugawa kwa kijiko. Nguzo zimewekwa mahali ambapo theluthi ya waumini hawamwoni mhubiri. Nimesikiliza mahubiri ya utoto wangu wote kutoka kwa nguzo. Mwezi wa Julai, upepo wa Singida ukipiga, jengo lile ni friji. Kwaya mbili haziwezi kukaa pamoja. Kamati wanaposema halitoshi, wanasema kweli, na siku za Pasaka nusu ya watu husimama nje juani wakisikiliza spika.

Lakini mawe yake ni mazuri. Ni mawe ya vilima vyetu vilevile, haya majabali ya kijivu yaliyotawanyika Singida nzima kama mtu aliyekuwa akijenga akaitwa ghafla. Waliyapasua kwa moto na maji baridi, kisha nyundo. Na upinde wa madhabahu umepangwa bila saruji nyingi, kila jiwe limeegemea jirani yake, na kwa miaka yote hiyo haujapata hata ufa. Aliyeupanga alijua alichokuwa akifanya. Nimewahi kuuliza ni nani. Nilijibiwa jina la mmisionari.

Jiwe la msingi nalo lina jina la mmisionari, tarehe, na mstari wa Biblia. Mimi sina ugomvi naye. Alifanya kazi yake na amezikwa mbali. Ila bibi alinisimulia mambo ambayo jiwe lile haliyajui. Mto wetu ni wa msimu, unakauka kuanzia Juni. Ujenzi ulifanywa kiangazi kwa sababu masika watu wako mashambani. Kwa hiyo wanawake walifukua mchanga wa mto alfajiri, wakasubiri maji yajikusanye kwenye shimo, wakayateka kwa kibuyu kidogo kidogo mpaka mtungi ujae, wakapanda nayo mlima. Kila mmoja mitungi miwili kabla ya kazi za kwake. Bibi alikuwa na mimba ya baba mdogo. Alinisimulia akicheka, kwamba fundi alikuwa mkali, akiona udongo umekauka kabla jiwe halijakaa anapiga kelele "maji!", na watoto kijijini wakageuza kelele hiyo kuwa mchezo. Fundi huyo alitoka Ushora, au Kinampanda. Bibi alitaja vyote viwili kwa nyakati tofauti. Alimwita Fundi tu.

Kule Kizimkazi wangemwita Kazi, wakampa nusu ya kijiji.

Nilipiga simu kwa mwenyekiti wa kamati. Nimwite Mzee Mwenyekiti. Ni rika la baba yangu na ni mtu wa haki. Nikamweleza habari ya msikiti, kwamba wale watu walibomoa na hawakubomoa. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitegemea, kisha akauliza swali zuri kuliko yote niliyojiuliza mimi.

"Sasa mwanangu, unataka tusali wapi Pasaka? Kwenye historia?"

Nikasema hapana, mzee. Jengeni. Nitatoa hizo 300,000, ingawa magari yale 14 yapungue. Ninachoomba ni mambo mawili. Upinde wa madhabahu upigwe namba jiwe kwa jiwe, ufunguliwe taratibu, upangwe tena ndani ya kanisa jipya, hata kama mchoraji atasema haulingani na vioo vya buluu. Hautalingana. Ya Kizimkazi nayo hayalingani, kushoto na kulia. Na ombi la pili, ukutani pawekwe majina ya waliobeba maji na ya fundi, kwa chokaa au kwa bati, sitajali.

Alikaa kimya kidogo. Akasema upinde una gharama, atauliza mhandisi. Kuhusu majina, akasema hayapo kwenye kumbukumbu za usharika. Ametazama daftari mwenyewe, wameandikwa "akina mama" tu, pamoja na idadi ya mitungi. Daftari lilihesabu mitungi.

Nilimwambia wapo wachache walio hai wanaokumbuka. Akasema basi niyalete majina, na niyalete kabla ya mnada wa mavuno, maana baada ya hapo kamati inakaa kupitisha mchoro na hakutakuwa na nafasi ya kubadilisha. Baada ya mnada, yaani baada ya alizeti kuuzwa. Nilikuwa na wiki sita.

Nimezitumia wiki nne. Kila Jumamosi dada yangu anazunguka na daftari kwa bibi na babu waliobaki, na jioni tunapigiana simu. Mambo hayaendi kwa mpangilio. Mmoja anataja watu watano, mwingine anakataa wawili kati yao, anasema wale walikuwa Wakatoliki, walikuja kusaidia siku moja tu kwa sababu ya uji. Tuliamua siku moja inatosha. Fundi amepata majina matatu, na kila anayetoa jina ameapa. Babu mmoja amekumbuka kwamba waliopasua mawe walikuwa wanaume wanane na mmoja aliumia jicho, akalitaja jicho lenyewe, la kushoto, lakini mtu mwenyewe hamkumbuki.

Mpaka jana tulikuwa na majina 23. La 24 ni la mwanamke ambaye wote wanamkumbuka. Alikuwa mrefu, alibeba mitungi mitatu wengine wakibeba miwili, na aliimba njiani. Wanamwita Mama Eliya. Tumewauliza wanne jina lake mwenyewe, na kila mmoja amejibu kwa namna ileile, kwanza kwa mshangao kwamba tumeuliza, kisha kwa kunyamaza. Eliya mwenyewe alishafariki. Ana binti yuko Shelui, ameolewa huko. Dada anakwenda Jumamosi.